Ndani ya Beetle ya 1970 hapa Dar: kava za mkeka, zulia la mpira na fundi wa Keko

Niseme msimamo wangu mapema ili asiyekubaliana nao asimalize bando lake bure: gari la zamani likiwa Dar es Salaam, ndani yake viwekwe vitu vinavyokauka haraka. Uzuri ufuate nyuma. Bahati nzuri Volkswagen za enzi zile zilitoka kiwandani na vitu vya namna hiyo hiyo, kwa hiyo anayetafuta sura ya zamani na anayeogopa kutu wanaishia kununua bidhaa zilezile.

Gari langu ni Volkswagen Beetle 1300 ya 1970, usukani kulia. Aliyeniuzia alikuwa ameivalisha kisasa: viti vya leza nyeusi vilivyoshonwa mtindo wa almasi kama V8 ya kigogo, sponji nene, na kapeti la manyoya hadi kwenye kingo za milango. Kwa picha ilipendeza. Ukiikalia kwenye foleni ya Mwenge saa kumi jioni, mwezi wa Januari, shati linagandana na mgongo kabla hujafika mataa. Na baada ya mvua moja ya masika lile kapeti lilinuka wiki nzima. Tulipoling'oa tukakuta maji yamelala juu ya ile mifereji ya pembeni inayopitisha hewa ya moto ya hita. Hita yenyewe Dar haina kazi, lakini mifereji hiyo ni sehemu ya mifupa ya bodi. Ikioza, huna gari, una ganda.

Nikaamua kurudi nyuma. Kava niliagiza nje ya nchi, kwa duka linalotengeneza vitu vya Beetle peke yake: reksini, yaani ile ngozi ya plastiki, yenye mchoro wa kusuka katikati na ukingo laini pembeni, kama zilivyokuwa Volkswagen nyingi za miaka ile. Ule mchoro ni mkeka mtupu, na una faida yake: unaacha vinjia vidogo vya hewa kati ya mwili na kiti. Reksini laini haifanyi hivyo. Rangi nilichukua ile ya krimu iliyokolea, maana nyeusi juani Dar ni adhabu kwa aliyevaa kaptula. Kava zilifika zimekatwa vizuri, mistari yake imebanwa kwa joto badala ya kutobolewa kwa sindano, hivyo maji hayapenyi kwenye matundu ya uzi. Hapo pesa yangu ilikwenda mahali pake.

Paneli za milango kutoka duka hilohilo sizisifii. Zilikuwa za maganda ya mbao yaliyoshindiliwa, na kwa unyevu wa huku zilianza kuvimba na kujikunja pembeni kabla hata mvua za vuli hazijakolea. Nilipowaandikia walijibu kwamba ndivyo kiwanda kilivyofanya. Kweli, kiwanda kilitumia ubao wa namna hiyo, ila kiwanda kiliweka pia karatasi ya kuzuia maji nyuma yake. Mlango wa Beetle, kama milango mingi ya magari, unaruhusu maji kuingia kwenye mwanya wa kioo kisha yatoke kwa matundu ya chini. Mafundi wetu wengi wakifungua mlango hulitupa lile karatasi wakidhani ni takataka za safari ya meli. Fundi wangu alikata paneli mpya kwa plaiwudi ya milimita 3, akaipaka rangi ya mafuta pande zote mbili, akahamishia reksini ileile juu yake, na nyuma akabandika nailoni nzito. Zimenyooka mpaka leo.

Huyo fundi ni wa Keko, mtu wa makochi kwanza na viti vya magari baadaye, na nampa sifa nyingi kuliko duka. Mara ya kwanza alitaka kunishawishi: "Bosi, hapa tuweke sponji inchi nne, utakaa kama upo sebuleni." Nikamwonyesha kilichokuwa chini ya leza ile nyeusi, mabaki ya kiti cha asili. Fremu ya bomba, springi, gunia juu ya springi, halafu godoro la nyuzi za makumbi ya nazi zilizogandishwa kwa mpira. Aliligeuzageuza akacheka. "Kumbe Wajerumani walikuwa wanakalia makumbi yetu!" Tangu hapo sikuhitaji kumshawishi tena, yeye ndiye akawa ananizuia nisilegeze.

Kazi aliifanya hivi. Springi alizisugua kutu na kuzipaka rangi, zilizokatika akazichomelea. Juu yake akatandaza gunia la katani, akalivuta mpaka likawa ngoma, kusudi nyuzi zisizame kati ya springi. Magodoro ya makumbi ya viti vya mbele nilikuwa nimeyaagiza pamoja na kava. La kiti cha nyuma lilikuwa bado zima, likaanikwa juani na kurudishwa. Juu ya makumbi akaweka pamba nyembamba tu, basi. Kava zikavutwa na kubanwa kwa vipete vya waya na koleo. Kiti ni kigumu kidogo, ukizoea sponji utalalamika siku za kwanza. Lakini hewa inapita chini yake, na hata abiria akipanda amelowa kutoka kwenye mvua, kesho yake kiti kimekauka. Sponji ingekunywa maji yale na kuyatunza juu ya springi.

Hapa kuna jambo la hatari ambalo mwenye Beetle asilifanyie mzaha. Betri yake ipo chini ya kiti cha nyuma. Springi za kiti zikilegea, akakaa mtu mzito, chuma kinagusa vichwa vya betri, cheche zinaruka, na juu yake kuna makumbi makavu na gunia. Gari huwaka kweli kwa njia hiyo. Dai mfuniko wa betri, na usiruhusu fundi abadilishe springi za nyuma kwa zile ndefu za kochi. Fundi wangu aliongeza kipande cha mpira mzito chini ya kiti, upande wa betri, bila kuambiwa.

Sakafuni nimetupa manyoya yote na kuweka zulia la mpira lenye mistari, ambalo ndilo lililokuwemo tangu zamani. Likichafuka unalitoa, unalimwagia maji, unalirudisha. Kuna jamaa ananiambia gari linaonekana la kimaskini. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda Safari Rally kwa Volkswagen, enzi mashindano yalipokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sidhani kama alihitaji manyoya chini ya miguu.

Redio nimechukua mpya yenye sura ya zamani, vitufe viwili vya kuzungusha na bluutufu ndani. Inaingia kwenye tundu lilelile la dashibodi, na spika inakaa nyuma ya grili yake ya asili. Sauti ni ya wastani. Kijana wa kufunga redio alitaka kutoboa milango aweke spika za inchi sita. Nikamwambia milango hii imeshapita miaka hamsini bila tundu. Angalizo kwa wenye gari za kabla ya 1967: nyingi zilikuwa za volti 6, na redio za sasa zinataka 12.

Mikanda nimeweka mipya ya pointi tatu, yenye kifungio cha chuma kama ya zamani. Hapa sikujali sana sura. Nilichojali ni kwamba inafungwa kwenye sehemu za kiwandani na ina nguvu.

Kile kishubaka cha mianzi chini ya dashibodi, ambacho watu wa Ulaya na Marekani walikuwa wakikinunua kama pambo, nje kinauzwa kwa bei ya kuchekesha. Changu kimetengenezwa na fundi wa viti vya mianzi kwa kufuata picha kwenye simu. Kimoja alikikosea upana, cha pili kimekaa barabara. Chombo cha maua nacho nimekiweka, kidogo cha kaure, na mama watoto hukitilia asumini siku za harusi.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni paa la ndani. Ile reksini nyeupe yenye vitobo inaning'inia kwenye waya za chuma, na kingo zake zinapita chini ya raba za vioo, kwa hiyo kioo cha mbele na cha nyuma lazima vitoke. Atakayekuambia anaweza kuibandika bila kutoa vioo, mshukuru uondoke. Jua letu hapa linasaidia: reksini ikipata joto inakuwa laini, inavutika, na mikunjo midogo inajinyoosha yenyewe. Fundi alifanya kazi hiyo mchana, gari nje, akibana kwa vibanio vya nguo huku gundi ya mpira ikishika. Ila raba za vioo nunua mpya kabla hujaanza, kwa sababu za zamani hupasuka zikitolewa, na panga kazi hii Julai au Agosti. Ukiwa umefungua vioo mwezi wa nne, mvua haitakusubiri gundi ikauke.