Nimelala ryokan ya Kinosaki: huyu kaa atanifilisi

Jamani wadau, msiondoke. Mliozoea simu na spika hapa, leo nakagua nyumba ya wageni. Niko Kinosaki, Japani, kwenye ryokan, nyumba ya wageni ya Kijapani, ya mbao. Mji huu uliteketea kwenye tetemeko la 1925, wakaujenga upya kwa mbao vilevile. Sikieni ngazi. Ngoja niikanyage tena. Mnasikia inavyolia?

Chumba mnakijua: mikeka ya tatami, godoro chini. Ila yukata, lile joho jepesi la kuvaa humu, upande wa kushoto ndio unakaa juu. Ukipindua, umevaa kama maiti wa huku. Mimi jana nilipindua. Mama aliyeleta chai alikohoa, akanionyesha kwa kidole.

Sasa sogeza kamera. Huyu ni kaa wa matsuba, dume. Msimu unafunguliwa tarehe 6 Novemba, Machi unafungwa. Ona kibandiko cha bandari kwenye mguu, kaa ana kitambulisho!

Mguu wa kwanza mbichi. Wameuchovya kwenye maji ya barafu, nyama ikachanua kama ua. Mtamu, hauna hata shombo. Wa pili tunauweka kwenye mkaa. Usiguse... ganda likianza kutoa povu pembeni, toa. Shika hapa kwenye kiungo, vunja, vuta taratibu... imekatika. Narudia. Povu, toa, vunja, vuta... nzima! Mmeona urefu wake? Wallahi nisingeshiba, ningerudia mpaka kesho.

Na hii rojo ya kwenye gamba, mama yangu angeitupa jalalani. Wenyeji wanaimiminia sake, pombe ya mchele, mimi nimetia wali. Msinihukumu.

Bei sasa. Yeni 48,000, kwa kichwa, si kwa chumba! Na mke wangu naye ana kichwa. Ile hoteli ya Osaka ya video iliyopita, yenye chumba kama kabati, haikufika robo ya hiyo. Asubuhi nilikuwa nimeapa sirudi hapa. Kero nyingine: chakula cha jioni ni saa kumi na mbili kamili, hakuna kujadiliana, nami nilikuwa nimekula tambi stesheni. Kosa langu, sawa.

Lakini subiri, wanarudi na sufuria. Supu ya kaa iliyobaki wanatia wali na yai, unakuwa uji mzito. Ee... Sawa, nitarudi, Machi haijafika bado. Mke wangu, unanisikia?

Mabafu ya umma yako 7, kadi ya kuingilia umepewa na nyumba. Kamera haziingii, kwa hiyo nazima hapa. Kengele bonyezeni, maikrofoni mpya inakuja wiki ijayo. Nani kavaa viatu vyangu vya mbao?