Kikokotoo cha umbali wa ndege: kilomita sawa, muda porojo

Nilikuja kuipa programu hii nyota tatu. Kwenye kilomita haina mchezo: Dar es Salaam hadi Mwanza inakupa 850 hivi, uwanja hadi uwanja kwa mstari wa angani, na ndivyo ilivyo. Basi linalozunguka Dodoma, Singida na Shinyanga hutafuna zaidi ya 1,100.

Kinachochefua ni mstari wa chini yake. "Muda wa safari: dakika 57." Wamechukua 850, wakagawa kwa 900, kasi ya jeti angani kwa saa, wakaenda kulala. Kumbe ndege hutoka getini ikiwa tayari na kasi yote! Ndege hujikokota kwanza ardhini, husubiri zamu ya kuruka, chini ya futi 10,000 kwa kawaida haizidi kilomita 460 hivi kwa saa, na kushuka huanza ikiwa bado kama kilomita 180 kabla ya Mwanza. Ndiyo maana tiketi huandika kama saa moja na nusu. Shirika halijaongeza chumvi.

Anayebisha aweke Dar na Zanzibar. Kilomita 73, programu inasema dakika 5. Dakika tano! Muda huo ndege bado iko chini inaifuata njia ya kurukia. Ratiba za njia ile huweka dakika 20 na ushee.

Hesabu inayokaribia ukweli ni hii: kwa jeti, gawa kilomita kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Mwanza inakuja saa 1 na dakika 34. Kwa ndege ya pangaboi kama ATR, gawa kwa 500 uongeze dakika 15. Zanzibar inatoka 24. Foleni ya Barabara ya Nyerere kwenda uwanjani Dar hesabu mwenyewe, hiyo hakuna kikokotoo kitakachoiweza.

Wenye kupenda maili nao wameachiwa mtego. Kwa Mwanza inaandika maili 460 bila kusema ni maili za baharini. Ukizidisha kwa 1.609 unapata 740, yaani kilomita 110 zimezama ziwani. Zidisha kwa 1.852.

Nikasema basi, nyota mbili. Halafu nikabadili lugha iwe Kiswahili, nikafungua sehemu ya ratiba: ndege ya alfajiri imeandikwa "saa 06:00". Mswahili gani asome hapo saa kumi na mbili asubuhi? Atafika uwanjani saa sita mchana na begi lake, wakati ndege imeshakwenda Mwanza na kurudi.

Nyota moja. Kilomita zake nitaendelea kuzitumia, sikatai.