Kabla ya Kulipia Drili ya Zege, Uliza Mtetemo Wake

Drili niliyonunua mwaka jana ina nguvu kwelikweli. Lakini jioni ya siku ya tatu nilishindwa kufunga vifungo vya blauzi: vidole viwili vimekufa ganzi, kifundo cha mkono kinawaka moto. Wati nilikagua. Mtetemo sikuuliza.

Basi wati na urefu wa waya utaelewana na muuzaji. Mimi nakuomba ufungue kijitabu cha maelekezo, kwenye ukurasa wa vipimo, karibu na mstari wa kelele. Kuna namba yenye m/s²; hiyo ndiyo ya mtetemo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2002 inamtaka mwajiri achukue hatua mtetemo ukizidi 2.5 kwa wastani wa siku ya kazi ya saa 8; 5 ndio ukomo. Na hapa ndipo wengi tunapopotea: mashine ya 5 inakufikisha kwenye ile 2.5 ya siku nzima ukiitumia kwa saa 2 tu, ya 10 inakufikisha kwa nusu saa tu. Ukizoea kuvuka, mishipa ya damu na ya fahamu huharibika, vidole hugeuka vyeupe kwenye baridi, na ganzi inaweza isiondoke tena.

Ya kwanza kwangu ni Makita HR2631F, na sifichi kwamba Makita naipenda. Ina AVT, mfumo wa kupunguza mtetemo, na mkono unausikia tofauti tangu tundu la kwanza.

Ya pili, Hilti yenye AVR, mfumo wao wa kupunguza mtetemo. Ni mashine ya kazi ya kila siku, ila bei yake inauma.

Ya tatu, Bosch, mradi iwe imeandikwa Vibration Control, yaani udhibiti wa mtetemo.

Za bei rahisi zisizotaja namba ya mtetemo popote, ziache.

Glavu nene usizitegemee; mara nyingi zinakufanya ukabe mshikio zaidi, na kukaba ndiko kunakoupitisha mtetemo mkononi. Biti butu ibadilishe mapema, maana ukianza kuisukuma mashine umeshaumia.

Linalonikera ni wauzaji. HR2630 na HR2631F zinakaribiana kwa sura na kwa jina, lakini 2630 haina AVT. Nimeuliza tofauti nikajibiwa "ni zile zile, mama, chukua hii." Si zile zile! Nilipoomba kijitabu nikaambiwa boksi halifunguliwi mpaka nilipe. Niliondoka, nikanunua kwa aliyekubali kulifungua.