CV ya steshenari au ya mkono wako?

Steshenari ni haraka: unampa kijana vyeti, unarudi jioni, CV iko tayari. Shida ni kwamba ni ileile aliyomwandikia jirani yako, hadi ile "napenda kusoma na kusafiri". Mimi niliwahi kukuta jina la mtu mwingine kwenye barua yangu ya maombi!

Kujifunza mwenyewe kunachosha, pengine wiki nzima. Ila matangazo ya kazi ya Sekretarieti ya Ajira, ofisi ya serikali ya Tanzania inayoshughulikia ajira za utumishi wa umma, yenyewe ni somo: barua iliyosainiwa, kwa Kiswahili au Kiingereza, na CV yenye wadhamini watatu na simu zinazopatikana. Anzia hapo. Ukiitwa kwenye usaili, hakuna mstari utakaokushtua, maana umeuandika wewe. Steshenari waachie kuprinti tu.