Gari lilinuka sigara na uvundo: huduma nilizolipia na zilizonifaa

Gari langu ni Toyota Wish lililotoka Japani, nikalinunua yadi hapa Dar es Salaam. Lilikuwa na harufu mbili zilizopandana: juu sigara, chini yake uvundo wa nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Leo karibu hazipo. Nimelipia huduma kadhaa kuziondoa, na nataka kusema waziwazi ipi ilistahili fedha yangu na ipi haikustahili. Kwa ufupi: kung'oa viti na kuinua zulia, kusafisha AC, halafu ozoni, gesi ya kuua harufu, mwisho kabisa. Ukianza na ozoni utailipia tena.

Pale yadi gari lilikuwa limefunguliwa milango yote na kikopo cha marashi kimening'inia kwenye tundu la hewa. Gari likipigwa upepo hivyo haliwezi kukuambia chochote. Harufu ilijitokeza nilipoliegesha juani kazini likiwa limefungwa, nikaja kulifungua mchana. Mwanangu ana pumu. Kila tukikaa kwenye foleni ya asubuhi madirisha yamepandishwa, kifua kinaanza kumbana, na mimi ndiye ninayempeleka shule. Kwa hiyo sikuwa tayari kuambiwa "utaizoea tu, dada," jibu nililopewa na zaidi ya fundi mmoja.

Nianze na sigara, maana ndiyo inayowasumbua wengi wanaonunua magari ya Japani. Moshi hautoki wote dirisha likifunguliwa. Lami na nikotini hutua kwenye vioo, plastiki, vitambaa vya viti, mikanda, na zaidi kwenye dari kwa sababu moshi hupanda. Utando huo hauonekani kwa macho, lakini gari likipata joto sehemu yake inarudi hewani, hata kama mvutaji aliliacha miaka mingi nyuma. Ukitaka kujua, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, upanguse kioo cha mbele kwa ndani na plastiki ya juu ya mlango. Kitambaa changu kilitoka njano inayoelekea kahawia. Dereva wa kwanza alikuwa mvutaji hasa.

Uvundo ni habari nyingine. Huo unatoka kwa kuvu na bakteria wanaoishi penye unyevu: kwenye AC, chini ya zulia, au vyote viwili. Sabuni inayoondoa nikotini kwenye plastiki haiwezi kufika huko. Nasisitiza hili kwa sababu sehemu nyingi za kuoshea magari hutoa huduma moja kwa kila harufu: povu, brashi, marashi, lete hela.

Nilianza na vile vya bei nafuu. Vikadi vya kuning'iniza kwenye kioo, pamoja na kile cha umbo la msonobari cha Little Trees ambacho kimekuwepo tangu 1952, vinanukia vizuri na hiyo ndiyo kazi yake. Haviondoi kitu. Ndani ya Wish langu vilizaa harufu ya tatu, sigara yenye vanila, na huyo mtoto wa pumu ndiye aliyeumia zaidi. Dawa za kupuliza ni hivyo hivyo. Shangazi yangu, mtu wa Pangani, alikuja na chetezo akalifukiza gari udi kwa moyo wake wote, kama anavyofukiza nguo na nyumba. Kwa saa chache ndani mlipendeza, namshukuru. Ila udi nao ni moshi, nao unaganda palepale kwenye dari. Kama gari lako ni safi, fukiza utakavyo. Kama linanuka, safisha kwanza.

Huduma ya kwanza niliyolipia, sehemu ambayo sitaitaja, ilikuwa "kuosha ndani kote." Walimwaga maji ya sabuni kwenye viti na zulia bila kung'oa kitu, wakasugua, wakafuta juujuu kwa taulo, wakanirudishia gari jioni likiwa bichi. Zulia la gari si kitambaa kitupu. Chini yake kuna tabaka nene la sponji na pamba nzito la kuzuia sauti na joto, na hilo likinywa maji linaweza kukaa na unyevu kwa wiki, hasa kipindi cha masika. Uvundo uliongezeka wazi. Hapo nikajifunza swali la kumuuliza muoshaji yeyote kabla hujamkabidhi ufunguo: "Una mashine ya kunyonya maji? Viti unang'oa?" Akisita kwenye mojawapo, nenda kwingine.

Wa pili walikuwa watu wa kazi. Kwanza walitoa waya wa betri, wakasubiri kidogo, kwa kuwa chini ya viti kuna waya zenye soketi za njano za mfumo wa eabegi (mifuko ya hewa ya usalama) na hazichezewi gari likiwa na umeme. Halafu wakafungua bolti za viti kwa spana ya 14, wakatoa viti vyote nje. Kilichokuwa chini yake kilinisikitisha: vipisi vya sigara, sarafu ya yeni, nywele, mabaki ya biskuti. Walipoinua zulia upande wa abiria wa mbele, ile sponji ilikuwa nzito kwa maji. Fundi aliibonyeza kwa kiganja, maji yakachuruzika. "Dada, hii si ya kuoshwa juzi, hii AC yako haitoi maji nje," akasema. Alikuwa sahihi.

AC inapopoza hewa, unyevu wake hugeuka maji kwenye evaporeta, ule mtambo wa mapezi membamba uliojificha ndani ya dashibodi, na maji hayo hutoka kwa kibomba kidogo chini ya gari. Ndiyo maana gari lenye AC nzima huacha kidimbwi kidogo linapoegeshwa, ukikiona usiogope. Kibomba kikizibwa na vumbi na majani, maji yanamwagikia ndani, miguuni kwa abiria. Changu kilikuwa kimeziba kabisa. Walikizibua kwa hewa ya kompresa, na kile kilichotoka kilinuka hasa ule uvundo niliokuwa nikiusaka.

Zulia na sponji vilioshwa nje, vikanyonywa kwa mashine, vikaanikwa. Nililiacha gari kwao mpaka kila kitu kilipokauka kabisa, nikirudi nyumbani kwa daladala, na nilikuwa radhi. Nakushauri ufanye kazi hii kiangazi ukiweza. Jua la Dar linafanya bure kazi ambayo mashine nyingi haziwezi. Dari waliipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na povu kavu, pole pole. Usikubali mtu airowanishe. Kitambaa chake kimegandishwa kwa gundi, na gundi ikilegea dari inaning'inia vichwani. Mikanda ya usalama ilivutwa hadi mwisho, ikashikiliwa kwa kibanio isirudi, ikasuguliwa na kukaushwa. Waoshaji wengi huisahau, wakati mkanda unapita karibu kabisa na pua yako.

Kazi hiyo yote nililipa shilingi 120,000. Kwangu ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine. Harufu ya sigara ilipungua sana, na uvundo wa sakafuni ukaisha.

Ulibaki ule wa AC. Ukiwasha, dakika ya kwanza inatoka hewa ya stoo iliyofungwa, kisha inatulia. Hapa kuna kitu unachoweza kufanya mwenyewe leo. Magari mengi ya Toyota ya aina hii yana filta ya AC nyuma ya droo ya dashibodi mbele ya abiria. Toa vitu vyote, ondoa kile kimkono cha pembeni, bana kuta za droo kwa ndani ishuke, na utaona kifuniko chembamba kirefu. Kivute. Filta yangu ilikuwa nyeusi, ina majani makavu na mbawa za wadudu. Hiyo ndiyo hewa tuliyokuwa tunavuta. Mpya nilinunua Kariakoo, Gerezani, kwa shilingi 20,000, ile yenye chembe za mkaa ndani yake, maana hiyo hunasa na harufu, wakati ya karatasi tupu inanasa vumbi tu. Angalia mshale wa mwelekeo wa hewa kabla hujairudisha.

Baada ya hapo fundi wa AC alipuliza povu la kusafishia kwenye evaporeta kwa kimpira kirefu, akaliacha lifanye kazi, likatoka na uchafu wake kupitia kibomba kilekile kilichozibuliwa. Nililipa 40,000. Kuna anayeshusha dashibodi nzima kuosha evaporeta kwa mkono. Bei ni kubwa na mimi sikuhitaji. Alinipa na tabia moja ninayoifuata mpaka leo: ukikaribia nyumbani, zima kitufe cha AC uache feni iendelee. Inakausha yale mapezi, na kuvu haipendi pakavu.

Vitu vya jikoni vina nafasi yake, japo si kubwa kama mitandao inavyodai. Bikaboneti ya soda, ile ya kwenye maandazi, inatuliza harufu zenye asidi kama maziwa yaliyochacha kwenye kiti. Unainyunyiza kwenye kitambaa kikavu, unaiacha usiku, unaivuta kwa mashine asubuhi. Kwa harufu ya sigara iliyokolea haikunisaidia kitu cha kusema. Mkaa wa kupikia kwenye bakuli unanasa kidogo. Ule uliotengenezwa maalumu kunasa harufu una vitundu vingi zaidi na unafanya kazi vizuri zaidi, lakini unasubiri harufu iufikie, haufuati chanzo. Siki na ndimu ni kwa shombo. Kaka yangu anabeba samaki kutoka Feri kwenye Probox, na anachotumia ni kile ambacho kila mpishi wa pwani anakijua: harufu ya samaki huvunjwa na kitu kichachu. Anapangusa buti kwa siki iliyozimuliwa kwa maji, anasuuza, anaacha mlango wazi. Kwa matapishi ya mtoto au mkojo, tafuta sabuni yenye vimeng'enya, hizo zinazouzwa kwa wafuga paka na mbwa, na uiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukiifuta mapema hakuna kilichofanyika.

Ozoni nimeiacha mwisho kwa sababu ndipo inapopaswa kuwa. Ni gesi ya oksijeni yenye atomi tatu badala ya mbili, na inashambulia chembe za harufu pamoja na kuvu hata kwenye vipenyo ambavyo kitambaa hakifiki. Walionioshea gari hawakuwa na mashine, nikaenda kwa mwingine, shilingi 50,000. Aliweka mashine ndani, akawasha feni ya gari kwenye kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani ili ozoni ipite kwenye AC, akafunga milango yote. Kilichosalia cha sigara, kile kinachojitokeza mchana tu, kilikwisha karibu chote.

Ila naomba hili lichukuliwe kwa uzito. Ozoni ni sumu kwa mapafu. Mtu, mnyama, hata mmea, visibaki ndani ya gari inapofanya kazi, na ikimalizika milango ifunguliwe, hewa ipite vya kutosha kabla hujakaa. Mwanangu sikumpandisha mpaka kesho yake, baada ya gari kushinda wazi. Gesi hiyo inachakaza mpira pia, kwa hiyo anayekuambia uirudie kila mwezi anakuuzia hasara. Na kama sponji ya zulia ni bichi, ozoni itakupa siku chache za raha, kisha uvundo unarudi kutoka kule kule chini.

Jumla nimetumia shilingi 230,000, ukiondoa zile za muoshaji wa kwanza. Hata ningeanza upya, ningezitoa zote bila kinyongo. Bado siku ya joto kali sana nikiinamia mkanda wa kiti cha nyuma naunusa, kuna chembe ya sigara. Mtu mwingine haisikii. Mwanangu hakohoi tena njiani, na hilo ndilo nililokuwa nalipia.

Kama hujanunua bado, nenda yadi mchana, omba madirisha yapandishwe na gari likae juani limefungwa wakati mnajadiliana bei. Ukiingia, washa feni ikiwa AC imezimwa, unuse. Halafu iwashe AC, unuse tena. Nyanyua mkeka wa abiria, bonyeza zulia kwa kiganja. Anayeagiza moja kwa moja Japani aombe karatasi ya mnada na mtu wa kumtafsiria: wakaguzi huandika matundu ya moto wa sigara na mara nyingi harufu yenyewe, na hali ya ndani hupewa herufi yake peke yake, tofauti na alama ya gari zima. Gari la alama nzuri linaweza kuwa na herufi mbaya ya ndani. Ukiiona C au D, toa gharama ya kusafisha kwenye bei kabla hujalipa.