Wavu wa silikoni kwa vidonda vya EB: nyota 4 kati ya 5

Wavu huu wa kufunika vidonda nautumia kwa mwanangu mwenye epidamolisisi bulosa (EB), ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ichubuke kirahisi; yake ni aina ya distrofiki. Kipande cha ngozi yake kilipimwa, kisha kipimo cha jeni kikaonyesha hitilafu kwenye COL7A1, jeni inayotengeneza kolajeni 7, protini ya kushikiza ngozi ya juu kwenye ya chini. Kwa ngozi ya namna hiyo, hata mshono wa nguo hutoa malengelenge, ndiyo maana nguo zake tunamvalisha nje-ndani.

Zamani tulitumia shashi ya kawaida. Ikishakauka juu ya kidonda, kuibandua ni kufungua kidonda kipya, na mtoto alikuwa akiliona beseni tu anaanza kulia. Wavu huu hushika ngozi kavu kwa wepesi na haugandi kwenye sehemu mbichi. Majimaji hupita kwenye matundu yake yakanywewa na pedi ninayoweka juu. Pedi nabadilisha, wavu naweza kuuacha siku kadhaa mradi hakuna harufu, usaha wala joto. Hapo ndipo ninapoona sikupoteza hela.

Nakata vipande vyote kabla ya kufungua vya zamani, maana kidonda kikikaa wazi kinauma. Lengelenge jipya nalitoboa upande wa chini kwa sindano safi, ngozi yake naiacha ilifunike. Vidole nafunga kimoja kimoja, kwa kuwa kwenye aina hii vinaweza kushikana vikipona. Juu nazungushia bandeji laini. Plasta ya kunata haikaribii ngozi hii kabisa!

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu magotini unahama mtoto akianza kutambaa, na maelekezo ya kwenye boksi ni kama yameandikiwa mtu aliyelala kitandani ametulia. Muwasho nao upo palepale.

Wanaoulizia Vyjuvek, jeli iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023: hiyo ni dawa. Inaingiza jeni nzima ya COL7A1 kwenye kidonda, hivyo ni ya distrofiki tu, na bila kipimo cha jeni huwezi kujua kama inamhusu mtoto wako. Wavu unafaa kwa aina yoyote ya EB, hata wakati bado mnasubiri majibu.