GPS ya Mkononi kwa Jiokashi Nairobi: Lipia Dira Kabla ya Ramani

Watazamaji wangu hamjambo, karibuni tena. Leo naanza na jibu, maana bando ni ghali na si kila mtu ana muda wa kunisikiliza mpaka mwisho. Kama uko Nairobi na unatafuta kifaa cha GPS cha mkononi cha kusakia makasha, pesa yako ipeleke kwenye dira kabla ya kuipeleka kwenye ramani. Aliyekuja kwa hilo pekee, safari njema. Mliobaki vuteni kiti, kwa sababu nusu ya video hii ni kuhusu vifaa vizima kabisa ambavyo wenyewe wamevitangaza vimekufa.

Kwa wageni, kwa ufupi: jiokashi ni mchezo wa kutafuta kilichofichwa. Mtu anaficha kasha lisilopitisha maji, ndani kuna daftari la kutia sahihi, halafu anaweka latitudo na longitudo yake kwenye mtandao. Wewe unalifuata, unasaini, unalirudisha palepale. Mchezo ulianza Marekani, jimbo la Oregon, tarehe 3 Mei 2000, siku chache mno baada ya serikali ya huko kuacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Kabla ya hapo kifaa cha mtu wa kawaida kiliweza kukosea hata mita 100. Kasha la ukubwa wa kopo la mafuta ya kujipaka utalipata vipi kwa mita 100?

Sasa, mbona tusitumie simu tu? Tumia. Simu inatosha kuanzia, na zile mpya zinazopokea masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti zinavishinda vifaa vingi vya zamani kwa usahihi. Tatizo liko kwingine. Kioo cha simu na vidole vilivyolowa mvua ya Aprili havipatani. Betri inaisha wakati bado unahitaji kuitisha gari la kukurudisha nyumbani. Na ukisimama kandokando ya Moi Avenue umenyoosha simu mbele yako, macho yote kwenye mshale, utakuwa umewaandalia meza wenye mikono myepesi. Hiki kidude cha kijivu hakimtamanishi mtu. Askari wa jengo ndiye atakayekuuliza unapima nini, na hilo ni suala jingine. Mwambie ukweli, mwonyeshe mchezo, na ukiona uko karibu na ofisi nyeti ya serikali, ondoka tu.

Hapa mezani ninavyo vitatu, vyote vya Garmin: eTrex 22x, eTrex SE na GPSMAP 65s. Tuanze na 22x, kwa sababu ndicho wengi hushawishika nacho. Ina rangi, ina nafasi ya kadi ya memori, inabeba ramani, na mawe mawili ya AA, yaani betri, yanaipeleka saa 25 kwa hesabu ya kiwanda. Kwenye rafu inavutia. Lakini haina dira ya kielektroniki ndani yake. Inajua unaelekea wapi kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo sasa, kwa hiyo lazima utembee ndipo ijue. Ukisimama, haijui kaskazini ni wapi.

Sasa fikiria mita 15 za mwisho pale Karura. Ndio, ule msitu ambao Wangari Maathai aliupigania 1999 usigawanywe viwanja. Juu yako kuna mihugu na mikaratusi, majani yamelowa, na mawimbi yanayofika chini ni dhaifu. Wewe unasogea hatua moja, unainama, unachungulia kwenye mzizi, unarudi nyuma. Kifaa kinadhani umeruka mita 6 kulia, kisha mita 8 kushoto, na mshale unazunguka kama pia. Hakijaharibika. Kinafanya kazi yake kwa kanuni yake, ila kanuni hiyo inamtaka mtu anayetembea, na msaka kasha katika dakika zile za mwisho hatembei.

Ndiyo maana hiki kidogo cha eTrex SE, ambacho kioo chake hakina rangi na hakibebi ramani, kwa mchezo huu nakiweka juu ya 22x. Kilitoka 2023, bei yake ya Marekani ikiwa karibu dola 150, na 22x ilitoka 2019 kwa karibu dola 200. Kukifikisha hapa utaongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, kwa hiyo usishike kichwa ukisikia bei ya dukani. Kina dira inayoonyesha upande hata ukisimama kama mlingoti. Kinapokea GPS ya Marekani na mifumo ya setilaiti ya wengine: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Mawe yaleyale mawili yanakipeleka saa 168 kwa hesabu ya kiwanda, yaani wiki nzima bila kuzimwa. Kinaunganishwa na simu kwa Bluetooth na kuvuta habari za makasha, halafu simu unaitia mfukoni na kufunga zipu.

Utaniuliza, bila ramani nitajuaje kuna mto mbele? Swali zuri. Karura ina vijia na vibao, Ngong Hills unaona vilima vyote kwa macho yako, na ramani ya kufikia geti unayo kwenye simu. Ramani ya kifaa ina faida unapokwenda mbali, Aberdare au Chyulu, siku nzima porini. Huko sitakubishia, chukua chenye ramani. Na usinunue ramani: za OpenStreetMap, zile zinazochorwa na watu wa kujitolea mtandaoni, ni bure, na Nairobi wamejitahidi, Kibera, kwa mfano, vijana wa mtaa walianza kuichora wenyewe 2009. Unapakua faili, unaliita gmapsupp.img, unalitia kwenye folda ya Garmin ndani ya kadi, basi.

Cha tatu ni GPSMAP 65s, na hapa fungueni masikio. Hiyo herufi s ya mwisho ndiyo inayoleta dira na kipimo cha mwinuko. Kuna 65 tupu, bila s, sura ileile, haina dira. Muuzaji wa haraka hawezi kukueleza. Kinachokipandisha bei ni kupokea masafa mawili, L1 na L5. Kwetu sisi hilo lina uzito kuliko kwa mtu wa Uingereza. Huko juu angani kuna tabaka linaloitwa ionosfera, linalochelewesha mawimbi ya setilaiti, na ukanda wa ikweta ndio linausumbua zaidi, hasa jua likishatua, na zaidi miezi ya karibu na Machi na Septemba. Kifaa cha masafa mawili hulinganisha ucheleweshaji na kuusahihisha. Cha masafa mamoja hukisia. Hasara yake ni ulaji: saa 16 kwa betri mbili. Wapo watakaosema chukua GPSMAP 67 yenye saa 180. Ni kweli, na ni nzuri, ila betri yake ni ya ndani ya kuchaji. Ikiisha porini huwezi kuingia kwenye kioski cha kijijini ukatoka na nyingine. Mimi ni mtu wa mawe ya AA, nisameheni.

Haya, twende kwenye matatizo.

La kwanza, kifaa kipya hakipati setilaiti. Kimetoka ng'ambo, kinaamini bado kiko huko, kinatafuta setilaiti za anga lile. Usikitingishe, usikizime na kuwasha. Kipeleke mahali peupe, Uhuru Park au uwanja wowote, kiweke kimelala na uso wake ukitazama juu, ukiache robo saa. Setilaiti ya GPS huchukua dakika 12 na nusu kutangaza ratiba nzima ya wenzake wote. Kukijaribu ndani ya duka la Luthuli, chini ya ghorofa tano za zege, ni kukionea.

La pili ndilo linaloniletea kazi zaidi: namba. Jiokashi huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali. Katikati ya Nairobi ni kama S 01° 17.000, E 036° 49.000. Simu yako inaandika mahali hapohapo -1.2833. Ile alama ya kutoa ndiyo kusini. Na zile 2833 si dakika! Zidisha 0.2833 kwa 60, unapata 17. Mtu akiingiza 28.33 palepale kwenye dakika, kifaa kinakubali bila kulalamika, na kinampeleka zaidi ya kilomita 20 kusini, avuke mbuga ya taifa aingie Kajiado. Akiacha N badala ya S, ndiyo kabisa: anaelekezwa Samburu, upande wa Maralal, zaidi ya kilomita 280 kutoka hapa. Kwa hiyo kifaa kikikuambia kasha la Westlands liko kilomita mia mbili na kitu, usikipige kofi, angalia herufi.

Kuna ndugu yake wa hilo, mjanja zaidi, kwa sababu kosa lake ni dogo. Kifaa kinakukosesha kwa karibu mita 300, kila kasha, upande uleule. Hapo nenda kwenye mipangilio, tazama mfumo wa ramani. Jiokashi hutumia WGS 84. Ramani za karatasi za Survey of Kenya, zile za 1:50,000, zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na mtu aliyekuwa na kifaa kabla yako, pengine mpimaji wa mashamba, alikigeuza kifuate karatasi zake. Kirudishe WGS 84.

Ukiona kidoti chako kinatembea barabarani wakati wewe umesimama kichakani, kuna kipengele kinachokibandika juu ya barabara iliyo karibu. Kimetengenezwa kwa ajili ya madereva. Kizime. Na kama kinakuzungusha kwa njia za magari wakati kasha liko mita 80 mbele, badilisha namna ya kuelekeza iwe ya moja kwa moja.

Dira ikielekeza vibaya, isawazishe upya. Fanya hivyo kila ukibadilisha betri. Simama mbali na gari, mbali na mabati, fuata kile kioo kinachokuambia, ukizungusha polepole. Na simu isiwe kwenye mkono huohuo! Spika ya simu ina sumaku, kava zingine zina sumaku, kisha mtu analaumu setilaiti.

Betri: kama unatumia za kuchaji, iambie mipangilio ni NiMH. Hizo zina volti 1.2, za kutupa zina 1.5. Usipoiambia, kifaa kitakuonyesha betri imekwisha ilhali bado ina nguvu. Waya wa USB nao hauchaji betri zako ndani ya eTrex 22x, unawasha kifaa tu. Na kompyuta isipokiona, badilisha waya kwanza. Waya nyingi za bei nafuu mitaani zina njia ya umeme peke yake, data haipiti.

Ile ya WAAS na EGNOS, mifumo ya setilaiti za ziada za kusahihisha GPS, wengi huiwasha wakidhani inaongeza usahihi. WAAS ni ya Amerika ya Kaskazini, EGNOS imejengwa kwa ajili ya Ulaya. Hapa zima, uokoe betri.

Vyote hivyo vikiwa sawa, bado kuna mipaka. Mahali peupe tegemea mita 3 hadi 5, chini ya miti hata 10 na zaidi, na aliyeficha naye alikuwa na kosa lake. Sehemu ya elfu moja ya dakika, ile tarakimu ya mwisho, kwetu hapa karibu na ikweta ni takriban mita 1.85 kwa pande zote. Kufukuza tarakimu hiyo mpaka isome sifuri ni kujichosha. Ukifika mita 10, kiache kining'inie shingoni utumie macho. Na wewe unayetaka kuficha lako, pima kwa wastani wa vipimo vingi, kifaa kina kipengele hicho. Rudi baada ya saa kadhaa upime tena. Lisiwe chini ya mita 161 kutoka kasha jingine, na uombe ruhusa kwa wasimamizi wa msitu kwanza.

Mwisho, wanunuzi wa mitumba. Fungua mfuniko wa betri, tazama kutu ya kijani kwenye springi. Sukuma kile kijiti cha kuchagulia mambo kwenye kioo, pande zote. Kikikuonyesha tarehe ya zaidi ya miaka 19 iliyopita, usikimbie: hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila wiki 1,024, mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019, na vifaa vya zamani huchanganyikiwa tarehe huku mahali vikionyesha sawa. Tafuta programu mpya ya kifaa hicho, vingine hupona. Kisha toka nacho nje ya duka, barabarani, mpaka kipate setilaiti nne au zaidi mbele ya macho yako. Muuzaji akikataa kukiacha kivuke kizingiti, mrudishie kifaa chake, ingia duka linalofuata.